Barua kwa mwanangu: daraja la Kyaka na tuta la Lukaya

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imefika salama, na nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti ili mama yako naye asikie. Unauliza kama Idi Amin angeweza kuishinda Tanzania katika vita vya mwaka 1978 na 1979 laiti angefanya uamuzi mwingine, kwa sababu mjomba wako amekuambia kule arusini kwamba vita vile vilikwisha kabla havijaanza. Mjomba wako wakati huo alikuwa Dar es Salaam akisikiliza redio. Simlaumu, lakini redio ilikuwa ikitangaza miji iliyokwisha kutekwa, haikuwa ikitangaza usiku uliotangulia kutekwa kwake.

Nianze na daraja la Kyaka, lililovuka mto Kagera. Majeshi ya Amin yaliingia mwishoni mwa Oktoba 1978, yakaikalia ardhi yetu yote iliyo kati ya mpaka na mto Kagera, kilomita za mraba 1,800 hivi, na tarehe 1 Novemba akatangaza kwamba eneo hilo limekuwa sehemu ya Uganda. Upande wetu wa mto hapakuwa na jeshi kubwa la kumzuia asifike Bukoba. Hata hivyo askari wake walishughulika na ng'ombe, mabati na mitambo ya kiwanda cha sukari, kisha tarehe 3 Novemba wakalilipua daraja. Kwa kufanya hivyo alitueleza waziwazi kwamba hakusudii kuvuka, na akatupa muda, na muda ndio kitu ambacho hatukuwa nacho. Mwalimu alikuwa amekwisha kulihutubia taifa siku moja kabla, kwamba sababu ya kumpiga tunayo, uwezo tunao na nia tunayo, lakini wengi wa watu waliokuwa uwezo huo bado tulikuwa mashambani. Mimi nilikuwa napanda pamba, na habari ya babu yako kunisindikiza hadi stesheni ya Shinyanga mnaijua.

Sasa linganisha na Lukaya, mji ulio kilomita zipatazo 40 kaskazini ya Masaka. Kutoka hapo barabara ya Kampala ilipita juu ya tuta, kilomita 25 hivi, katikati ya bwawa la mafunjo ambalo gari haliwezi kulikatiza. Kama tuta lile lingevunjwa, safari yetu ya Kampala ingecheleweshwa kwa miezi, na wakubwa wetu walilijua hilo, ndiyo maana tulisukumwa mbele upesi mara baada ya Masaka kuanguka tarehe 24 Februari 1979. Amin hakulivunja, kwa kuwa alitaka kulitumia mwenyewe kuirudisha Masaka, akisaidiwa na Walibya waliotumwa na Gaddafi. Kwa hiyo, mwanangu, mtu yule alilipua daraja ambalo lingempeleka mbele, akaliacha tuta ambalo lingetuzuia sisi. Ukiniuliza makosa yake ya vita, nakutajia hayo mawili kabla ya yote.

Lakini utasema, na mimi mwenyewe hujiambia, kwamba sisi tulikuwa na miguu. Nimewaambia tangu mkiwa wadogo kwamba ushindi ule uliletwa na miguu, na sijabadilika. Askari wa Amin walipenda magari na barabara, ndiyo maana ilikuwa rahisi kujua watakapopita, wakati sisi tulitembea porini kuanzia Mutukula, pale mpakani. Ni kweli, na ndivyo Brigedi ya 208 ilivyotuokoa, kama nitakavyoeleza. Ila miguu haibebi mizinga wala haibebi chakula cha maelfu ya watu kwa miezi mitatu, na wakati huo Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulikuwa ukitaka tukae mezani tupatanishwe. Mwalimu mwenyewe hapo mwanzo hakukusudia kwenda Kampala. Alitarajia Waganda watamwondoa mtu wao. Tungekwama mbele ya mafunjo, huku ndege za Walibya zikiendelea kutua Entebbe, sijui angeambiwa nini na nani.

Jioni ya tarehe 10 Machi tulikuwa Lukaya, Brigedi ya 201, wengi wetu mgambo ambao miezi minne nyuma tulikuwa na majembe mikononi. Walibya walitupiga kwa maroketi. Leo najua kwamba mengi yalipita juu ya vichwa vyetu yakaangukia nyuma, lakini aliyekuwa chini ya mlio ule hakuwa na nafasi ya kuangalia yanaangukia wapi, na tulikimbia, mwanangu, tulikimbia bila amri ya mtu yeyote. Wao hawakutufuata. Walibaki pale pale kama watu waliomaliza kazi, na usiku ule ule Brigedi ya 208, iliyokuwa kilomita kama 60 kaskazini-magharibi, ikaamriwa kugeuka. Alfajiri ya tarehe 11 ikatokea nyuma yao, kwenye barabara ya Kampala, wakati sisi tuliokusanywa tena tukiwashambulia kwa mbele. Maiti zilizohesabiwa baadaye zilizidi 400, na kama nusu yake walikuwa Walibya, vijana waliotolewa mbali sana kuja kufa katika mafunjo. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 11 Aprili, Kampala ilikuwa mikononi mwetu.

Kwa hiyo je, angeshinda? Nilikuwa nimeandika hapa kwamba asingeshinda kwa namna yoyote, kwa kuwa jeshi lake lilikuwa limeanza kujila lenyewe tangu kabla ya Kagera, halafu nimeikata sentensi hiyo, na utaiona ilivyofutwa. Siwezi kuiacha isimame wakati najua kwamba wale watu wangetufuata usiku ule, mimi nisingesimama kabla ya Masaka, na sijui ni nani angenisimamisha. Mwambie mjomba wako hivyo.

Na kwa kuwa umeuliza mambo ya Lukaya, kuna jambo jingine. Ile habari ya buti langu la kushoto kumezwa na tope, ambayo mama yako huwasimulia wageni na ninyi mmekua mkiicheka, si sahihi. Pale juu ya tuta palikuwa pakavu. Buti lilikuwa kubwa kuliko mguu, likawa linanichelewesha, nikainama katikati ya mlio ule nikalivua mwenyewe ili nipate kukimbia vizuri. Asubuhi, tuliporudi nyuma ya vifaru vyetu, nililikuta pale pale barabarani, limesimama wima, kamba zake zimefunguliwa taratibu kama za mtu anayejiandaa kwenda kulala. Barua hii sijamsomea mama yako.

Baba yako