Orodha ya maneno mabaya haitoshi kunasa lugha ya chuki gazetini

Swali: Mimi na wenzangu wa Nyamagana, Mwanza, tunapitia magazeti tukitafuta maandishi ya chuki dhidi ya makabila na dini. Tuyaite matamshi, kauli au lugha ya chuki? Pia mwenzetu anataka tuandae orodha ya maneno mabaya, kila tukilikuta moja tuweke alama. Inatosha?

Jibu: Kwa gazeti, semeni lugha ya chuki. Matamshi hutoka kinywani. Kauli iwekeni kwa maneno ya mtu anayejulikana, mathalani diwani aliyenukuliwa. Uchochezi ni hatua ya mbele zaidi: maandishi yanamsukuma msomaji atende jambo.

Orodha haitoshi. Mwaka 2022 tume ya uwiano na utangamano ya Kenya ilitoa orodha yake, na ndani yake yamo madoadoa (wanavyoitwa watu wa makabila mengine wanaoishi katika eneo fulani) na kwekwe. Lakini mkulima wa Magu anayeng'oa kwekwe kwenye pamba yake hamchukii mtu. Sumu huingia pale binadamu wanapoitwa kwekwe, kisha kikafuata kitenzi kama kung'oa au kusafisha. Kwa hiyo msiishie kwenye nomino, fuateni kitenzi.

Tazameni na upatanisho. Anayeacha "watu hawa" akaandika "vijitu hivi" au "majitu haya" amemvua mtu ngeli yake, na hilo huonekana upesi. Ila wadudu nao hufuata upatanisho wa a-wa, hivyo "mende hawa wamezidi" ni sentensi safi kisarufi, wala haitawashtua. Gazeti la Kangura la Rwanda liliwaita Watutsi inyenzi, yaani mende. Mhariri wake alitiwa hatiani mwaka 2003 na mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha, pamoja na waasisi wawili wa RTLM, redio ya Rwanda iliyoeneza chuki hiyo hiyo. Miili ya waliouawa katika mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 ilishuka na mto Kagera hadi katika ziwa hili hili la Victoria. Ndiyo maana kazi yenu naiona nzito, na nawaomba msiichoke.

Penye kazi kubwa zaidi ni vichwa vya habari, kwa sababu huko hakuna tusi hata moja. Chukueni mfano niliotunga: "Muislamu adakwa na dagaa wa wizi Mwaloni Kirumba." Wekeni "Mkristo" mahali pa "Muislamu", halafu wekeni "mchuuzi". Kama kwa "mchuuzi" habari haikupungua kitu, dini iliwekwa pale kwa kazi nyingine, na hapo alama inastahili.

Kisha wingi. Mwaka 2013 kanda yetu ilipita katika mgogoro wa nani achinje nyama ya kuuzwa, na kule Buseresere, Geita, mchungaji mmoja aliuawa. Katika wiki kama ile, "Wakristo wavamia bucha" na "watu waliovamia bucha" si habari moja. Kile kirejeshi -o- kinawabana waliotenda peke yao. Jina tupu la kundi linamshtaki hata bibi aliyekuwa nyumbani akichambua mchele. Angalieni pia kauli ya kutendwa. "Nyumba ilichomwa" ni sahihi mtendaji asipojulikana. Lakini gazeti likiandika "ilichomwa" kila anapotenda wa upande huu, na "walichoma" kila anapotenda wa upande ule, hapo kuna upendeleo, nao hauonekani kwa kusoma toleo moja.

Mtakutana na mwandishi anayejitetea kwamba ulikuwa utani wa makabila. Utani una masharti: mtani yupo mbele yako, anakujibu palepale, na siku ya msiba wako anafika kufanya kazi. Anayetaniwa gazetini hana nafasi ya kujibu, kwa hiyo utetezi huo msiupokee kirahisi.

Kwenye fomu yenu, msinakili neno peke yake. Andikeni sentensi nzima, iliyoitangulia na inayoifuata, nani anasema, tarehe na ukurasa.