Jibu: Huduma kwa jamii isiishie kufagia ufuo
Dada, umeuliza mbona wasichana wa chuo chenu hapo Lamu wanafagia ufuo kila mwezi na la uraia hawajifunzi. Ufagio peke yake haufundishi. Wagawe watano watano, kila kundi lishike mtaro mmoja wa mtaa wa Langoni: wapime, wapige picha, waulize majirani maji hutuama wapi. Kisha waiandikie kaunti kuomba hati za bajeti ya usafi. Sheria ya upatikanaji wa habari ya 2016 inaipa ofisi siku 21 kujibu. Nakala yao igongwe muhuri siku hiyohiyo, maana barua isiyo na muhuri hupotea kiajabu! Waanze Januari, kwani makadirio ya bajeti hupelekwa bunge la kaunti kufikia Aprili 30. Na katika kuuliza majirani, kina mama waulizwe baada ya alasiri. Asubuhi wako jikoni.