Mchangamfu wa Januari, mzembe wa Agosti

Nina duka la vifaa vya ujenzi Nakuru. Kijana niliyemwajiri Januari alikuwa moto wa kuotea mbali. Sasa ni Agosti, anachelewa na hesabu hazikai. Yule dada wa stoo naye hana maneno kabisa. Nifanyeje?

Kijana hakubadilika, kazi ndiyo iliyobadilika. Mwanzoni kila kitu kilikuwa kigeni, na mwepesi wa kuzoea watu hung'aa hapo. Kazi ikishazoeleka, anayehitajika ni yule anayehesabu misumari upya saa kumi na moja jioni hata kama hakuna anayemwangalia. Lievens na wenzake, katika utafiti wa 2009, waliwafuatilia wanafunzi wa udaktari Ubelgiji, wakakuta bidii na uangalifu vinazidi kuwa na uzito kadiri miaka ya masomo inavyosonga. Wewe ulipenda mdomo kwenye mahojiano. Na huyo dada asiye na maneno, hesabu zake zinakaa? Mbona hukuniandikia hilo?

Mimi ni sangwini. Kazi gani itanifaa? (Kisumu)

Jamani, tena! Kila baada ya semina za vijana kanisani napokea swali hili. Hayo makundi manne ya tabia, sangwini likiwa la wachangamfu, yametoka kwa matabibu wa kale waliodhani tabia ni damu, kohozi na nyongo za aina mbili. Hakuna atakayekulipa mshahara kwa kohozi.

Mimi ni mkimya. Naweza kuuza bima? (Kakamega)

Unaweza. Watafiti Barrick na Mount, 1991, walikuta uchangamfu unasaidia wauzaji na mameneja, lakini bidii na uangalifu vilisaidia katika kila aina ya kazi waliyoichunguza. Uhusiano wenyewe si mkubwa, kwa hiyo usikubali mtu akupangie maisha kwa karatasi ya maswali. Ukiahidi kumpigia mteja Jumatatu, piga Jumatatu.

Naweza kumweka mfanyakazi kwenye majaribio mwaka mzima? (Naivasha)

Sheria ya Ajira ya 2007 inasema isizidi miezi 6, na mingine isiyozidi 6 akikubali mwenyewe. Akikubali, nimesema. Wapo wanaogeuza majaribio kuwa kibarua cha bei rahisi, nao wanajijua.

Mtu mzembe hubadilika?

Wengi huongezeka umakini kati ya miaka 20 na 40, ila polepole. Usimlipe mshahara ukimsubiri.

Mtihani wa tabia wa bure mtandaoni unatosha kuajiri? (Bungoma)

Hapana. Nani ataulizwa "wewe ni mchapakazi?" akajibu la? Mpigie mwajiri wake wa zamani, umuulize alikuwa akifika saa ngapi katika mwaka wa pili.