Wasomaji Wauliza: Maiki Nafuu ya Kurekodia Gitaa Kavu Nyumbani

Safari hii tumewapa nafasi wapiga gitaa kavu wanaorekodi majumbani hapa Dar es Salaam. Barua zilizofanana tumeziunganisha, na swali lililoulizwa na wengi ndilo tulilolijibu kwa kirefu.

SWALI: Habari za kazi, wahariri. Napiga gitaa kavu kwa vidole, taratibu. Nimedunduliza nipate maiki moja ya maana. Fundi mmoja ananishauri Shure SM57 kwa kuwa haifi, mwingine Audio-Technica AT2020, na huku nasikia Rode NT1 ikisifiwa kwa utulivu wake. Nishike ipi? – Msomaji, Tabata

JIBU: Kwa upigaji wako, shika AT2020, au jozi ya maiki ndogo nyembamba aina ya Behringer C-2. SM57 iache.

SM57 ni maiki ya dainamiki. Kiwambo chake kimegandishwa kwenye koili ya waya inayocheza ndani ya sumaku, na koili hiyo ina uzito. Kile kimlio chembamba cha ukucha unapoachia uzi hupita kabla kiwambo hakijakifuata sawasawa. Kiwandani wanaiandikia masafa ya Hz (mitetemo kwa sekunde) 40 hadi 15,000. Tatizo kubwa zaidi ni nguvu ya sauti inayotoka: wepesi wake wa kunasa ni desibeli -56, wakati AT2020 ni -37. Tofauti hiyo ya desibeli 19 maana yake, kwa mlio uleule, AT2020 inatoa volti karibu mara 9 zaidi. Gitaa la vidole ni la upole, kwa hiyo ukiwa na SM57 utalazimika kufungua geini (kikuza sauti) ya saundikadi, kile kisanduku kinachounganisha maiki na kompyuta, hadi mwisho, na saundikadi ya bei nafuu ikifunguliwa hadi mwisho huanza kutoa “shhh” yake yenyewe. Tunaiheshimu sana maiki hii, iko sokoni tangu 1965, na mbele ya spika ya gitaa la umeme au ngoma haina mpinzani kwa bei yake. Kazi yako ni nyingine.

Rode NT1 ni kweli imetulia: kelele ya ndani ya maiki ni desibeli 4.5 tu, na AT2020 ni 20. Lakini chumba cha kawaida mjini, usiku, madirisha yamefungwa na pangaboi limezimwa, ni nadra kushuka chini ya desibeli 30. Kelele ya chumba imeshaifunika kelele ya maiki zote mbili. Utulivu wa NT1 utaulipia na hutausikia, labda uwe na chumba kilichozibwa vizuri.

Kati ya AT2020 na C-2, jiulize kama utaimbia humo humo. Kama utaimba, AT2020. Kama ni gitaa peke yake, tunaegemea C-2: viwambo vyake ni vidogo, vinasikia sauti za pembeni bila kuzibadilisha sana rangi, na zinauzwa mbili pamoja na kijiti cha kuzifunga kwenye stendi moja.

Usimalize fedha zote kwenye maiki. AT2020, NT1 na C-2 ni maiki za kondensa, na haziwaki bila umeme wa volti 48, ule mafundi wanaouita fantomu, nao unatoka kwenye saundikadi. Behringer UM2 inatosha kwa maiki moja. Ukitaka kutumia mbili kwa pamoja, tafuta yenye matundu mawili ya maiki, mfano UMC202HD au Focusrite Scarlett 2i2. Scarlett Solo ina tundu moja tu la maiki, na wengi hugundua hilo wakiwa wameshafika nyumbani. Ongeza stendi yenye mkono wa kulala, kebo ya XLR (kebo ya maiki yenye pini tatu) ya mita 3 hadi 5, na hedifoni zinazofunika sikio. Maiki ikila zaidi ya nusu ya bajeti, kuna kitu cha lazima utakikosa.

SWALI: Nimenunua BM-800 iliyokuja na waya wa kuchomeka tundu la hedifoni la kompyuta. Gitaa linasikika kwa mbali sana na kelele ya “shhh” imejaa. Maiki ni mbovu? – Msomaji, Mbagala

JIBU: Huenda hata haitumiki. Kompyuta nyingi za sasa zina tundu moja la hedifoni na maiki kwa pamoja, linalotaka pini yenye mistari mitatu. Waya wa BM-800 kwa kawaida una pini ya mistari miwili. Ukiichomeka, kompyuta haioni maiki mpya, inaendelea kurekodi kwa ile ya kwake iliyo karibu na skrini. Anza kurekodi, kwaruza wavu wa BM-800 kwa ukucha, kisha kwaruza pembeni mwa skrini. Sikiliza ni mkwaruzo upi ulionaswa kwa nguvu. Ukiwa wa skrini, nunua adapta inayogawa tundu hilo kuwa mawili, moja la hedifoni na moja la maiki, kisha ichague maiki hiyo kwenye mipangilio ya sauti.

Hata baada ya hapo “shhh” haitaisha yote. Tundu la kompyuta linatoa volti chache tu, na kikuza sauti kilichomo kilitengenezwa kwa ajili ya kuongea, siyo muziki. BM-800 hiyo hiyo, ikiunganishwa kwa kebo ya XLR pande zote mbili kwenye saundikadi yenye volti 48, huwa maiki nyingine kabisa. Kwa hiyo usiitupe, nunua saundikadi kwanza. Ila kile kichwa kikubwa kisikudanganye: ndani mara nyingi mna kapsuli (sehemu inayonasa sauti) ndogo tu.

SWALI: Nina AT2020 na saundikadi nzuri, lakini gitaa langu linavuma mno, hasa nikipiga nyuzi nene. Nimeielekeza maiki kwenye tundu la gitaa, sentimita 10 hivi. Chumba ni mita 3 kwa 3, sakafu ya vigae. Nimebandika trei za mayai ukutani, hakuna nafuu. – Msomaji, Sinza

JIBU: Hapa sababu ni tatu, na kila moja inaisukuma mwenzake.

Ya kwanza ni tundu. Gitaa kavu hupumua kupitia pale, na hewa ya ndani ya sanduku huitika kwa nguvu kwenye Hz 100 hivi. Maiki ikitazama tundu inapokea pumzi hiyo zaidi kuliko nyuzi. Ya pili ni ukaribu: maiki yoyote inayosikia upande mmoja huongeza besi kadiri inavyosogelea chanzo, na kwenye sentimita 10 ongezeko hilo si dogo.

Ya tatu ni chumba chako. Kuta zilizoachana mita 3 huitikia sauti ya Hz 57, na tena mara mbili yake, Hz 114. Uzi wa A ukiwa wazi ni Hz 110. Chumba na sanduku la gitaa vinaitika karibu na noti ileile, na kwa kuwa urefu na upana wa chumba ni sawa, uvumaji unajirudia pande zote mbili. Trei za mayai haziwezi kitu hapo. Ni karatasi nyembamba, hutawanya kidogo sauti kali za juu na kuacha besi ipite kama ilivyo. Zibandue, hasa kwa kuwa zinashika moto upesi.

Fanya hivi. Ondoka katikati ya chumba, kwani Hz 114 hujikusanya pale na pale ukutani; hupungua sana robo ya njia, yaani kama sentimita 75 kutoka ukutani. Weka kiti ili maiki iwe karibu na eneo hilo. Simamisha godoro la sponji nyuma ya maiki, ukutani, likiachana na ukuta kwa sentimita 10, na la pili nyuma ya mgongo wako ukilipata. Godoro la unene wa sentimita 10 halizimi besi, lakini linakata mwangwi wa kati na juu unaofanya rekodi isikike kama ya bafuni. Kwenye vigae, kati ya kiti na stendi, tandika zulia au blanketi zito. Mkeka peke yake ni mwembamba.

Sasa maiki. Isogeze hadi sentimita 25, ielekee freti ya 12, na uigeuze kidogo kuelekea pale shingo inapoungana na sanduku, bila kulitazama tundu. Kumbuka AT2020 inasikia kwa ubavu, ule upande wenye nembo, siyo kwa ncha. Tumeona rekodi nyingi zilizofifia kwa sababu tu maiki ilielekezwa kama tochi. (C-2 ndiyo inayosikia kwa ncha.) Mgongo wa maiki hausikii vizuri, basi uelekeze kwenye dirisha la barabarani, bodaboda zipungue.

Rekodi sekunde 20, ukitaja kwanza kwa mdomo sehemu ilipo maiki. Isogeze sentimita 5, rekodi tena kipande kilekile. Jaribu upande wa shingo, kisha upande wa daraja, ambako mlio huwa wa mbao zaidi na mkavu. Sikiliza zote kwa hedifoni kabla ya kugusa ikwalaiza. Geini iweke ili vilele vya sauti vifike desibeli -12, programu ya kurekodia ikiwa kwenye biti 24. Kama bado pana mvumo baada ya yote hayo, punguza desibeli 3 au 4 kwenye Hz 110 na usiendelee kukata. Ukikata sana gitaa linabaki mifupa.

SWALI: Naishi Kigamboni karibu na bahari. Maiki yangu ya kondensa imeanza kupasuka-pasuka, “tap, tap”, hata nikiwa sijapiga. Ni kutu? – Msomaji, Kigamboni

JIBU: Mara nyingi ni unyevu. Kapsuli ya kondensa inashika chaji ya umeme; unyevu na chumvi vikikaa juu yake chaji huvuja, ndiyo hiyo milio. Kabla ya kuilaumu, badilisha kebo, maana kebo iliyolegea hutoa mlio wa jinsi hiyo pia. Kisha weka maiki siku mbili kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana pamoja na vipakiti vya silika jeli. Mchele usitumie, vumbi lake huingia kwenye wavu. Silika ya rangi ya bluu ikigeuka pinki imeshiba, ibadilishe. Na ukitoka kwenye chumba chenye kiyoyozi, iache maiki ndani ya mfuko wake nusu saa ipate joto, vinginevyo hutoa jasho ndani. Kuipigisha jua usithubutu.

SWALI: Kariakoo nimeoneshwa SM57 mpya kwa bei ya kutupa. Nitajuaje kama ni halisi? – Msomaji, Magomeni

JIBU: Bei yenyewe imeshakueleza. SM57 huuzwa Marekani kwa karibu dola 100. Baada ya nauli na ushuru haiwezi kufika Kariakoo ikiwa robo ya hapo. Nenda na mizani ndogo ya jikoni: halisi ina gramu 284. Za bandia nyingi ni nyepesi, kwa kuwa wanaondoa transfoma iliyomo ndani ya mpini. Uzito ukikubali bado hujamaliza, wapo wanaoongeza vyuma. Omba ijaribiwe kwenye saundikadi, ongea kwa mbele kisha kwa nyuma. Nyuma lazima sauti ishuke waziwazi. Risiti iwe na jina la duka na muda wa kurudisha. Muuzaji akikataa majaribio, ondoka. Kwa fedha hiyohiyo, maiki halisi ya kampuni ya bei nafuu itakufaa kuliko jina kubwa la bandia.

SWALI: Gitaa langu lina pikapu ya ndani. Nikichomeka moja kwa moja kwenye saundikadi, bado nahitaji maiki? – Msomaji, Ubungo

JIBU: Unahitaji. Pikapu nyingi za gitaa kavu ni za piezo, zinakaa chini ya daraja na kusikia msukumo wa nyuzi, siyo hewa inayotoka kwenye mbao. Mlio wake ni mkavu na wa plastiki. Faida yake ni kwamba haisikii kunguru, jenereta wala mvua juu ya bati, kwa hiyo rekodi vyote viwili: pikapu kwenye tundu lililowekwa alama ya ala, maiki kwenye jingine.

Ukivichanganya, maiki huchelewa. Kwa sentimita 30 sauti hutumia karibu milisekunde 0.9 kuifikia. Kuza picha ya mawimbi kwenye programu, usogeze mstari wa maiki kushoto, uanze mapema zaidi, hadi vilele vya kwanza vilingane, kisha sikiliza kwa mono (kushoto na kulia vikiunganishwa kuwa sauti moja). Besi ikipotea, geuza fezi ya mstari mmoja, yaani mawimbi yake yapinduliwe juu chini. Maiki ibebe sehemu kubwa, pikapu ipandishe kidogokidogo kutoka kimya hadi uione inasaidia, na uiachie hapo. Wanaorekodi kwa C-2 mbili wapime fezi kwa mono vivyo hivyo. Njia rahisi kwao ni kuzifunga ncha zikiwa moja juu ya nyingine, zikipishana kwa pembe ya digrii 90, sentimita 35 kutoka freti ya 12. Ncha zikiwa mahali pamoja sauti inafika kwa wakati mmoja, na hakuna cha kulinganisha baadaye.