Jibu: Wifi haifiki chumba cha nyuma, kuta nene
Habari mkuu. Umesema sebuleni wifi iko vizuri, ila chumba cha nyuma, baada ya kuta mbili nene, inakata. Nyumba nyingi za zamani hapa Upanga ziko hivyo, yangu ikiwemo.

Kwanza angalia simu imeunganishwa wapi: chagua mawimbi ya wifi ya GHz 2.4, maana yale ya GHz 5 yana kasi lakini ukuta unayameza. Toa ruta nyuma ya TV, ipandishe juu, ielekee korido.

Ripita (kifaa cha kudaka wifi na kuirusha mbele) usiiweke ndani ya chumba kisichoshika, itasambaza unyonge uleule. Mimi nilipona kabisa kwa kupitisha waya wa mtandao darini hadi chumbani, nikachomeka ruta ya zamani kwenye tundu lake la LAN (la mtandao wa ndani ya nyumba), DHCP yake (inayogawia vifaa anwani) nimezima na anwani yake ya IP (namba yake kwenye mtandao) nimeibadilisha isigongane na ya kwanza.