Kabla Hujayapinga Mazoea, Waulize Watu Mmoja Mmoja

Mazoea mengi yanayotuchosha kazini, katika vikundi na hata ndani ya familia hayadumu kwa sababu watu wanayapenda. Yanadumu kwa sababu kila mmoja anaamini kwamba wenzake ndio wanaoyapenda. Nimeliona hili mara nyingi, hata siku hizi mtu akiniambia "sisi hapa ndivyo tulivyo", siharakishi kukubali.

Niliwahi kufanya kazi mahali ambapo hakuna aliyethubutu kuondoka kabla ya bosi. Kazi zimeisha, watu wamekaa tu mbele ya kompyuta wakisubiri. Hapakuwa na sheria wala agizo. Nikaanza kuwauliza wenzangu faraghani, na majibu yakafanana: "Mimi ningekwenda zangu, ila wenzangu watanionaje?" Kila mtu alikuwa mlinzi wa lango ambalo hakuna aliyetaka lifungwe.

Huko Saudi Arabia, watafiti waliwauliza wanaume vijana waliooa kama wanaona ni sawa wanawake kufanya kazi nje ya nyumba. Wengi sana walikubali. Lakini walipotakiwa kukisia wenzao wamejibu nini, walidhani wanaokubali ni wachache kuliko ilivyokuwa. Waliofahamishwa maoni halisi ya wenzao wakawa tayari zaidi kuwaandikisha wake zao katika huduma ya kutafutiwa kazi. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2020, na kinachonigusa ni kwamba hakuna aliyehubiriwa wala kushawishiwa. Waliambiwa tu ukweli kuhusu wenzao.

Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza ni kuuliza maswali mawili. La kwanza: "Wewe mwenyewe ungependa nini?" La pili: "Unadhani wengi wa wenzako wangependa nini?" Uliza kwa vikaratasi visivyo na majina, au keti na mtu mmoja mmoja pembeni. Majibu ya maswali hayo mawili yakiachana sana, tayari unajua tatizo liko wapi. Kisha yasome matokeo mbele ya wote. Hatua hii wengi huiruka. Wanapeleka taarifa kwa viongozi na kuishia hapo. Haitoshi mimi kujua kwamba wenzangu wamechoka. Nahitaji kujua kwamba na wao wanajua kuwa nimechoka, la sivyo kila mtu ataendelea kuigiza.

Kabla ya kikao, mtafute mtu mmoja atakayesema waziwazi anachokiamini, tena aseme mapema. Katika miaka ya 1950 mwanasaikolojia Solomon Asch aliwakalisha watu kwenye kundi lililopangwa kutoa majibu ya uongo kuhusu urefu wa mistari, jambo ambalo jicho lolote lingeliona. Hata hivyo, takriban theluthi moja ya majibu ya waliojaribiwa yalifuata kosa la wengi. Alipowekwa mtu mmoja tu wa kutoa jibu sahihi, kufuata mkumbo kulipungua mno. Mtu mmoja! Usiidharau nguvu ya sauti ya pili.

Kama kikundi chenu ni kipya, zitunzeni siku za mwanzo. Mwanasaikolojia Muzafer Sherif alionyesha mwaka 1935 kwamba watu wakiangalia nukta ya mwanga gizani na kukadiria imesogea kiasi gani, makadirio yao husogeleana wakiwa pamoja, na mtu hubaki na kipimo cha kundi hata akirudi peke yake. Nukta yenyewe haikuwa ikisogea kabisa. Kwa hiyo atakayechelewa kikao cha kwanza na wote wakamsubiri, amekwisha kuwawekea saa ya vikao vyote vijavyo.

Jambo jingine linaloniuma ni namna tunavyokaripia. Kiongozi anasimama na kusema, "Wengi wenu hamlipi michango," akidhani anawaaibisha. Aliyelipa anasikia kwamba yeye ndiye wa ajabu. Katika hifadhi ya Petrified Forest, Arizona, Marekani, kibao kilicholalamika kwamba wageni wengi wa nyuma wameondoka na vipande vya miti iliyogeuka jiwe kilifuatiwa na wizi wa karibu asilimia 8 ya vipande vilivyotegwa na watafiti. Kibao kilichoomba tu watu wasichukue kilikuwa na chini ya asilimia 2. Taja waliolipa na waliofika kwa wakati. Kama kweli ni wachache, basi usitaje idadi. Eleza kinachotakiwa na sababu yake.

Kuna mazoea ambayo mtu mmoja hawezi kuyaacha peke yake bila kuumia. Nchini Senegal, familia iliyoacha ukeketaji peke yake ingeweza kuhofia kwamba binti yao hataolewa. Mwaka 1997 wanawake wa kijiji cha Malicounda Bambara walitangaza kwa pamoja, hadharani, kwamba wanaacha, na vijiji vingine vingi vikafuata kwa matamko yao. Tamko la pamoja linampa kila mmoja uhakika kwamba hatabaki nyuma wala mbele peke yake. Kule kazini kwetu pia tulikubaliana siku, tukasimama kundi zima saa ya kutoka ilipofika, tukaaga. Bosi alituitikia tu. Lakini pale ambapo adhabu ni ya kweli, mtu anaweza kufukuzwa au kupigwa, usimsukume yeyote kutangulia. Kusanyeni watu wa kutosha kwanza.

Na ukiuliza ukakuta watu wanayaamini kweli mazoea yao, hapo vikaratasi na matamko havitasaidia. Sikiliza sababu zao kwa subira kabla ya kuleta zako, maana huenda mazoea hayo yanamlinda mtu ambaye wewe hukumfikiria.