Mchumba wangu kaingia JKU, karudi si yule

*Assalamu alaykum Bi Somo. Mimi ni kijana wa miaka 31, nina duka la simu Wete. Mwaka jana nilimposa binti wa miaka 22. Wazee wakaridhia, nikatoa kilemba cha baba, mkaja wa mama na sehemu ya mahari. Harusi tuliipanga baada ya msimu wa karafuu. Yeye alikuwa ameomba kuingia JKU, Jeshi la Kujenga Uchumi la hapa Zanzibar. Fomu niliiona, ilitaka mtu asiyeolewa, nikamwambia ajaze tu kwa sababu nilijua hatochukuliwa. Akachukuliwa. Tangu aingie kambini Unguja nilikuwa nampigia hata mara 30 kwa siku, hapatikani. Siku ya kufunga mafunzo sikuhudhuria kwa kuwa nilikuwa Unguja kwa shughuli zangu. Sasa kaja likizo, si yule binti mtiifu niliyemposa. Sauti juu, anatembea kama anaikimbilia boti, sahani ya wali anaimaliza mimi sijafika tonge la tatu. Saa kumi za usiku keshaamka. Nimemwambia tuoane mwezi ujao, kanijibu: "Haiwezekani, namaliza muda wangu kwanza, najifunza umeme." Hata macho hakuinamisha. Mama yake ndiye anayemtia kiburi. Watu wananishauri nimuoe binti mwengine wa Konde. Nikivunja uchumba huu, nadai mahari peke yake, au na kilemba na mkaja?*

*Niliyeumizwa, Wete*

Waalaykumu salaam mwanangu. Pole. Hiyo pole itunze vizuri maana sina nyengine.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilikuonea huruma, ya pili nikacheka, ya tatu nikatafuta miwani nihakikishe kama kweli umeandika ulichoandika. "Nikamwambia ajaze tu kwa sababu nilijua hatochukuliwa." Maneno yako hayo, kwa mkono wako. Kwa hivyo ruhusa uliyompa haikuwa ruhusa. Ulimpa kama mtu anavyomwambia mtoto haya kaukamate mwezi. Ulimuona hana miguu ya kukimbia, hana kifua cha kustahamili, atarudi siku ya pili analia na begi lake, na wewe utamfuta machozi uonekane mwema. Sasa kaumaliza ukuruta mzima na machozi hayakuja. Hilo ndilo linalokuuma, wala si sauti yake.

Tuje kwenye simu zako 30. Wewe unauza simu, mwanangu, lakini inaonesha hujamuuliza hata jirani mmoja aliyepita kambini. Kuruta hana simu! Akiingia, simu inawekwa, na siku zake anazijua afande. Anaamshwa giza, mchakamchaka na nyimbo mpaka jua linatoka, kisha usafi, kisha kwata, kisha fatiki, na usiku akiulaza ubavu haoti ndoto ya mtu, si yako wala ya mama yake. Wewe Wete umekaa nyuma ya kioo cha duka unahesabu simu asizopokea kama ushahidi wa dharau. Ungempigia baba yake mara moja ungeambiwa.

Na hiyo sahani ya wali, umeihesabu tonge kwa tonge ukiwa umekaa wapi? Posa haikupi ruhusa ya kula na mtoto wa watu kabla ya nikaha. Leo nalipita, lakini nimeliona.

Kula haraka, kutembea haraka, kujibu kwa mkato na kuamka saa kumi ni mazoea ya kambi, kiburi ni kitu chengine kabisa. Kule chakula ni cha foleni, na filimbi ikilia unanyanyuka hata kama sahani bado imejaa. Amri hutolewa kwa sauti ifike mstari wa nyuma, na hujibiwa kwa sauti ifike mbele. Mjukuu wangu wa kiume alipotoka ukuruta alikuwa akinijibu mimi bibi yake "Ndiyo afande!" kila nikimwita aje kula. Wiki mbili, kisha likapungua. Sasa anabisha kama zamani, lakini kitanda anakitandika mpaka leo, na nguo zake anapiga pasi mwenyewe. Wa kwenu umemuona keshaamka saa kumi za usiku, badala ya kusema mashaallah, alfajiri haitompita, wewe unaileta kwangu kama kesi.

Umesema hakuinamisha macho. Mwanangu, huyo katumia miezi akifundishwa kutazama mbele. Kasimama juani hajatikisika, kashika silaha, kapiga shabaha, kavuka vikwazo ambavyo wewe hata kuvitazama hukwenda. Kisha umtake akuangalie vidole vya miguu? Heshima ya mwanamke hupimwa kwa alivyokujibu, na jibu alilokupa ni safi kuliko barua yako yote: haiwezekani sasa, namaliza muda wangu, najifunza kazi. Hakusema hakutaki. Wewe ndiye uliyeongeza hilo.

JKU ipo tangu 1977, kabla wewe hujazaliwa, haikuundwa ije ikuvunjie posa. Ni Jeshi la Kujenga Uchumi, kijana hufunzwa uaskari na hufunzwa fani, na wengi huingia wakiwa na tamaa ya kuja kuajiriwa katika vikosi, KMKM ya kuzuia magendo, Zimamoto, Valantia au Chuo cha Mafunzo, yaani magereza. Binti anayejua kuvuta nyaya za umeme na ana nidhamu ya kambi, njia mbili tatu ziko mbele yake. Akiolewa mwezi ujao, zote kazifunga kwa mkono wake, na wewe fomu uliisoma. Sasa niambie, unamtaka atoke kambini aje akae nyuma ya kioo hicho hicho akupangie makava ya simu?

Mama yake, eti, ndiye anayemtia kiburi. Katika barua nzima hukuweza kunukuu neno hata moja alilolisema. Nina miaka mingi katika kazi hii: kijana asipopata kosa la mke humtafuta mkwe. Mimi huyo mama namuona mbele yangu. Ni yule aliyepika mikate na visheti, akapanda boti na mumewe, akakaa juani siku ya gwaride akimtafuta mwanawe katika mistari ya watu waliovaa sawasawa. Huenda alikuangalia na wewe, ajue mkwewe mtarajiwa kasimama wapi.

Mabibi zetu hapa Pemba waliolewa na wavuvi. Mwanamme akienda dago, kambi ya wavuvi, miezi inapita, hana barua, hana simu, mkewe anaangalia upepo na mwezi tu. Waliotumwa Mombasa au Tanga kutafuta riziki ndiyo usiseme. Na wanawake wakasubiri, wakalea, wakachuma karafuu na kuchambua makonyo mpaka vidole vikageuka rangi. Hakuna aliyeandika barua kuwa mume karudi ngozi nyeusi na anakula haraka. Leo mke ndiye anayeondoka kutafuta maisha, na mwanamme miezi kadhaa tu kashaumizwa! Uchumba wa siku hizi umekuwa lindo. Uko wapi, uko na nani, nitumie picha, mbona hukujibu na alama inaonesha umesoma. Harusi zenyewe watu wanauliza sare rangi gani kabla hawajauliza bwana harusi anaswali wapi. Kijana anataka mke kama anavyotaka simu mpya, ifike kwenye boksi, haijashikwa, na ikimsumbua airudishe na risiti. Halafu miezi sita ndoa iko kwa Kadhi na sisi kina Somo tunaulizwa tulimfunda nini. Lakini nimetoka nje ya barua yako, turudi.

Umeandika "sehemu ya mahari". Sehemu gani? Robo? Nusu? Iliyobaki iko wapi? Kama ingekuwa tayari ungeitaja, maana kilemba umekitaja, mkaja umeutaja, na kila simu uliyopiga umeihesabu. Nadhani iliyobaki imegeuka bidhaa dukani, na si vibaya, biashara inataka mtaji. Lakini hapo kusubiri kwake ni faida yako. Anakupa muda wa kukamilisha ahadi uliyoitoa mbele ya wazee. Wewe unataka harusi mwezi ujao na mfuko hauko tayari, kwa sababu unajua atakataa, na akikataa uvunjaji utakuwa wake. Nitakuwa nimekukosea? Basi nenda Ijumaa kwa baba yake na mahari iliyobaki mkononi, kisha niandikie nikuombe radhi hadharani hapa hapa.

Hao "watu" wanaokushauri binti wa Konde ni kina nani? Watu wa kweli wana majina. Mwenye jina hapa ni wewe peke yako. Wazee walisema usiache mbachao kwa msala upitao, na huo wa Konde sijui kama unapita au umeshautandika.

Suali lako nakujibu, usiseme nimelikwepa. Nikaha haijafungwa, kwa hivyo mahari uliyoitoa, posa ikivunjika, ni yako kuidai, na mkibishana nendeni kwa Kadhi, si kwangu. Kilemba na mkaja uliwapa wazee kwa mkono wako. Mimi ningekuwa mama yako ningekufungia mlango usiku huo huo uliotoka kwenda kuudai mkaja. Kanga aliyoivaa mama wa watu unaitaka irudi uifanyie nini, uipeleke Konde?

Ukitaka kuendelea naye, simu zipunguze ziwe moja kwa siku, na ukimpigia muulize kajifunza nini siku hiyo. Utashangaa ana mengi ya kusema. Mwambie akufundishe kubadilisha swichi ya dukani. Na kama huwezi kumsubiri amalize, mwambie baba yake ana kwa ana, bila ya kumtaja mama wala sauti wala sahani ya wali. Sema mimi siwezi, basi. Ataumia siku chache, kisha saa kumi za usiku ataamka.

Limebaki moja. Siku ya kufunga mafunzo hukuhudhuria "kwa kuwa nilikuwa Unguja". Gwaride lilikuwa Unguja, mwanangu. Wazazi wake walivuka bahari kulifuata, wewe ulikuwa ng'ambo hiyo hiyo, daladala moja kutoka Darajani, ukashindwa. Sikuulizi ulikuwa wapi. Yeye mwambie, na mwambie kabla likizo yake haijesha, kwa sababu Darajani Wapemba wamejaa, na wote wana simu ulizowauzia wewe.